Usiitibu Kiu kwa Sukari

Ndugu msomaji, hebu nikuulize suali moja, nawe ulijibu moyoni mwako kwa haki. Siku ya mwisho uliporudi nyumbani umechoka, kichwa kizito, jua limekupiga mchana kutwa, mkono wako uliunyoosha wapi kwanza: kwenye maji au kwenye kitu kitamu? Mimi kwa miaka mingi niliunyoosha kwenye kitamu, wala sikujua kuwa nakosea. Lau ningaliidhuru nafsi yangu peke yake, nisingalishika kalamu. Lakini kosa hilo nililipeleka mpaka kwa mama yangu mzazi, na nililipeleka kwa mapenzi.

Mimi ni fundi cherehani, Mji wa Kale, Mombasa. Mwezi wa Ramadhani ndio msimu wetu, maana kila mtu ataka kanzu yake kabla ya Idi. Nikishona tangu asubuhi, kando ya pasi ya moto, na ikifika alasiri kichwa kinagonga. Siku moja nilimkaripia kijana anayejifunza kazi kwangu kwa sababu ya uzi uliokatika wenyewe. Adhana ya magharibi ikilia, nilikula tende moja, kisha moja kwa moja kwenye kaimati zilizolowa shira, na bilauri mbili za sharubati. Maji sikuyagusa. Baada ya tarawehe natafuta tena: visheti, na chai ya vijiko vinne. Mke wangu akiniambia, "Baba Salma, leo hata tone la maji hujanywa." Nami nikimjibu kwa kiburi, "Mwili wajua wenyewe unachotaka." Jibu hilo lilikuja kunihukumu.

Miezi michache baada ya Idi, mama alianza kulalamika. "Mwanangu, nina kiu haikatiki. Niletee kitu baridi, kitamu." Nikaiona hiyo ni njia nyepesi ya kutafuta radhi zake. Kila jioni nikifunga duka nilimpelekea chupa mbili za soda. Akinywa, akiniombea dua, nami nikirudi kwangu nimefurahi. Haipiti muda, kiu ile ile imerudi, tena zaidi. Usiku akiamka mara tano, mara sita, kwenda haja ndogo. Akakonda. Tukasema ni uzee. Mpaka asubuhi moja tulimkuta maneno yanampotea na pumzi zinakwenda mbio.

Hospitali walimpima damu, sukari imepanda kupita kiasi. Daktari, kijana wa umri wa mwanangu, aliniuliza, "Mzee, mama alikuwa akinywa nini?" Nikamwambia. Hakunilaumu hata neno. Lakini kule kunyamaza kwake kuliniingia kuliko lawama.

Siku ya pili alinikalisha akanieleza, nami nakueleza wewe. Sukari ikizidi sana katika damu, figo hushindwa kuirudisha yote, hivyo sehemu yake hutoka kwa mkojo. Na sukari haitoki peke yake, bali huvuta maji pamoja nayo. Maji yakitoka, mwili hukauka na kiu hupanda. Mgonjwa akiitibu kiu hiyo kwa soda, aongeza sukari, na sukari yaongeza kukauka. Basi kila chupa niliyompelekea mama ilikuwa yamletea kiu ya chupa ijayo. Chupa ya kola ya mililita 300 ina sukari gramu 30 na zaidi, karibu vijiko 8 vya chai. Na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilisema kuwa ni bora mtu mzima asizidishe kama gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku.

Amma sisi tulio wazima, tusijione tuko mbali na jambo hili. Mtu aliyepungukiwa na maji huchoka, kichwa humuuma, fikira zinatawanyika, hasira ziko karibu. Mtu mwenye njaa naye huwa hivyo hivyo. Dalili zafanana, na nafsi, kwa kuwa imezoea kutulizwa kwa kitamu, haiulizi. Yadai sukari tu. Yule kijana wangu hakukaripiwa kwa ajili ya uzi, alikaripiwa na kiu yangu. Na wazee wetu wako hatarini zaidi, kwani mtu akizeeka hisia ya kiu hupungua, akakauka wala asijue.

Lakini tuseme haki. Si kila tamaa ya sukari ni kiu. Mtu aliyekosa usingizi hutamani vitamu, na aliyeruka chakula hutamani, na mwenye mazoea hutamani kwa saa yake. Tena aliyefunga kutwa nzima, akiba ya sukari iliyo katika ini lake imepungua kweli, na kidogo cha kuirudisha kina haki yake. Sukari si adui wa maji. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh huko Bangaon, India, kipindupindu kiliua watu wengi. Daktari Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari, na vifo vikapungua sana. Sababu yake ni kuwa utumbo hupokea chumvi upesi zaidi ikifuatana na sukari, na maji hufuata nyuma. Lakini tazama kipimo: katika maji yanayotolewa leo kwa wenye kuharisha, sukari ni gramu 13.5 tu kwa lita moja. Lita ya soda ina gramu 100 na ushei. Jambo lile lile, kwa kipimo ni dawa, na kwa kuzidisha ni balaa.

Hapo ndipo nilipokumbuka mafunzo niliyosoma chuoni utotoni, nisiyatie maanani. Mtume (S.A.W.) alikuwa akifuturu kwa tende mbichi chache, asipopata kwa tende kavu, asipopata kwa mafunda machache ya maji. Na katika Sura ya Al-Aaraf, aya ya 31, tumeruhusiwa kula na kunywa, tukakatazwa israfu. Mimi niliichukua ile ruhusa, nikaliacha lile katazo.

Tangu hapo nimejiwekea ada. Natamani kitamu? Kwanza nakunywa bilauri ya maji, nangoja kidogo. Mara nyingi tamaa yaondoka. Isipoondoka, nakula kidogo, wala sijidhulumu. Usiku wa Ramadhani nakunywa maji kidogo kidogo, tangu futari hadi daku, wala siyangoji mpaka dakika ya mwisho. Alasiri sasa yanipita salama, na yule kijana ashona kwa amani.

Mama alirudi nyumbani, Alhamdulillahi, baada ya siku tisa, na dawa zake anazo mpaka leo. Nilimwomba msamaha, naye akasema, "Mwanangu, mimi niliomba, nawe ukaleta. Sote wawili hatukujua." Amenisamehe. Lakini kila nikipita dukani nikaona zile chupa baridi, moyo wanishtuka.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukimwona mzazi wako ana kiu isiyokatika, aenda haja mara kwa mara na kukonda, usikimbilie dukani. Mpe maji, kisha mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo. Mapenzi bila ya kujua yaweza kumdhuru umpendaye. Na wewe mwenyewe, nafsi yako inapolilia kitamu, usiipe wala usiinyime mpaka uiulize: je, ni njaa, ni mazoea, au ni kiu tu?

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na awape afya wazazi wetu. Amin.