Wino wa Nairobi

Wiki hii sina mas-ala ya fiqhi wala jawabu la barua. Nina kisa changu mwenyewe, nilichokiweka kifuani miaka mingi. Kila ninapodarsisha Suratul Israai, nikafika pale Mwenyezi Mungu anapomkataza mja kuwakemea wazazi wake, kisa hiki hunijia bila ya kuitwa.

Ilikuwa mwaka 1981, katika Mfunguo Mosi. Ramadhani ile iliangukia Julai, na sita zilipomalizika mama alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 11. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama akakaa eda yake miezi minne na siku kumi katika nyumba yetu ya Kibokoni, na alipotoka akakuta kwamba mafao ya mumewe, mtu aliyeajiriwa miaka 19, hayajalipwa. Barua zikaenda, barua zikarudi. Mwisho ikaja moja iliyosema kwamba mjane afike mwenyewe Nairobi, katika ofisi ambayo sina haja ya kuitaja hapa.

Mama hakuwa amepata kuvuka Makupa. Mombasa kwake ilikuwa ni Mji wa Kale, Kuze, Mackinnon kununua samaki, na Kisauni siku za maziara. Nduguye, mjomba wangu, ndiye aliyekuwa mahramu wetu wa safari. Mimi nilichukuliwa kwa sababu moja tu: nilikuwa darasa la tano na nilijua Kiingereza. Mjomba alisoma chuoni peke yake, na hakuona haya kusema hivyo. "Wewe ndiwe msomi wetu," aliniambia stesheni. "Huko usimwate mamako mkono."

Lazima niwaeleze mamangu alikuwa mtu wa namna gani, kwani bila ya hilo kisa hiki hakitafahamika. Alasiri alikuwa na chuo chake barazani, akiwasomesha wasichana wa mtaa Juzuu Amma. Alfajiri alikaanga mahamri ya kuuza, na wadeni wake wote aliwaandika katika daftari moja jekundu, kwa hati za Kiarabu, kwa Kiswahili safi: jina, idadi, siku. Majirani ambao waume zao walikwenda Uarabuni kutafuta riziki walikuwa wakimjia na karatasi tupu, yeye akiwaandikia yaliyomo nyoyoni mwao, na jawabu likirudi akiwasomea mlango umefungwa. Hata siku moja sikumsikia akitoa nje siri ya barua ya mtu. Mimi mwenyewe alifu na be yangu ya kwanza niliandika nimekaa mapajani mwake. Yeye ndiye aliyenifunza kwamba Kiswahili kina sauti ambazo Kiarabu hakina, na kwamba wazee wetu walizitafutia dawa: pe, kwa mfano, ni be iliyoongezwa nukta ikawa na tatu. Hati hizi si jambo la jana. Mwana Kupona binti Mshamu, alipomtungia bintiye utendi ule maarufu katika karne ya 19, hakuwa na hati nyengine.

Basi gari la moshi liliondoka jioni. Magharibi tulisali nyumbani. Isha mama aliisali garini kadiri alivyoweza, na tulipofika akairudia. Daraja la tatu lilikuwa limejaa, watu wamekaa hata juu ya magunia, na mtoto mmoja alilia kutoka Mariakani mpaka Voi. Sikulala. Kila stesheni nilimsomea mama jina lake, naye akalikariri kama aliyepewa wadhifa: Voi, Mtito Andei, Makindu, Sultan Hamud. Alifurahi kwamba usiku ule mwanawe ndiye aliyekuwa akimsomea yeye.

Kulipopambazuka tulikuwa katika uwanda wa Athi, nyasi kavu hadi upeo wa macho. Mjomba akapiga ukelele. Twiga alikuwa amesimama karibu na reli, akitutazama kwa utulivu kama mzee wa mtaa anayewatazama wapita njia. Mama alifunua ushungi wake kidogo akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Subhanallah," alisema, "shingo yote hii ni ya nini?" Tangu baba afariki sikuwa nimemsikia akicheka hivyo.

Nairobi ilitupokea kwa baridi. Agosti ya huko, kwa mtu wa pwani, ni adhabu ndogo. Nilipotoa pumzi nikaona moshi ukinitoka kinywani, nikadhani nimeugua. Jamaa zetu wa Pumwani walitukirimu chai na mablanketi, na siku ya pili asubuhi mjomba akatutoa, yeye katika kanzu na koti la kuazima, mama katika buibui lake juu ya leso mbili, mimi katika kaptura ya skuli.

Kwetu mtu hutembea akisimama: salamu hapa, habari za nyumbani pale, na pole kwa mgonjwa. Huko watu walikuwa wakienda kana kwamba nyuma yao kuna moto. Hapakuwa na aliyetusalimu. Mama aliwasalimu watatu wa mwanzo waliopita karibu yake, na hapana aliyegeuka. Wa nne hakumsalimu. Mabasi yalipita yamelala upande kwa uzito wa abiria, wapigadebe wa matatu wakiita majina ya mitaa kwa kasi nisiyoweza kuifuata. Nikainua kichwa kulitazama Jumba la Mikutano la Kenyatta. Lina ghorofa 28. Nikahesabu mpaka kumi na kitu shingo ikaniuma, nikamkumbuka twiga.

Mama alikuwa akiuliza. Kila kibao alichokiona aliniuliza, na kwa sauti ya barazani kwake: "Hapo pameandikwaje, mwanangu? Na pale?" Vibao vitano vya mwanzo nilimsomea kwa furaha, kama nilivyomsomea stesheni za usiku. Cha sita nilimsomea kwa sauti ya chini. Katika Barabara ya Tom Mboya wakapita wavulana wawili wa rika langu, wamevaa soksi ndefu na viatu vinavyong'aa, wakamtazama mama katika buibui lake, wakatazamana, wakacheka. Huenda walicheka jambo lao jengine kabisa. Lakini mimi nilitoa mkono wangu katika mkono wa mamangu, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, na baada ya hapo sikuurudisha.

Mlangoni mwa ofisi askari alisema aingie mdai na mtu mmoja tu. Mjomba akanisukuma mimi mbele. Tukapanda lifti, na ilipoanza kuondoka mama akakishika chuma cha ukutani akasoma dua ya safari kwa sauti. Wafanyakazi waliokuwamo walitabasamu. Leo naona tabasamu zile zilikuwa za wema. Siku ile zilinichoma.

Tulingoja kutoka saa nne hadi karibu na adhuhuri. Karani aliyetuita alikuwa binti mpole, na nisingependa msomaji amfikirie vibaya; alimwita mama kwa heshima, akampa kiti, akapekua faili kwa subira. Tarehe ya baba kuanza kazi haikuwamo. Mama akafungua mkoba, akatoa daftari lake jekundu, akasoma tarehe ile pale pale, kwani aliiandika siku mumewe aliporudi na mshahara wa mwanzo. Binti akainukuu katika fomu. Alilitazama daftari kwa namna mtu anavyotazama nakshi za mlango wa nyumba ya mwenzake: zinapendeza, lakini hakumbuki kwamba zina maana.

Kisha akasema kwamba iliyobaki ni sahihi. Mama aliingiza mkono tena mkobani, akatoa hanchifu iliyofungwa fundo, akaanza kulifungua. Ndani mlikuwa na kalamu mpya ya wino. Sikujua kwamba aliinunua. Nadhani aliinunua Mombasa kwa ajili ya siku ile, ili jina lake na la mumewe yasiandikwe kwa kalamu ya kuomba.

Wakati ule ule, fundo halijafunguka, binti akanigeukia akaniuliza kwa Kiingereza: je, mamako anajua kuandika?

Nimeipitia saa ile mara nyingi, na sijapata kujipa udhuru. Jawabu nililijua. Lakini nilimwona mama akiandika kutoka kulia kwenda kushoto mbele ya watu wale wote, wenye foleni wakinyoosha shingo, binti akiuliza hizi ni alama gani, mimi nikieleza kwa Kiingereza changu cha darasa la tano, na wavulana wale wa viatu vinavyong'aa wakiwa mahali fulani wanacheka. Skuli nilifunzwa kwamba anayejua kuandika ni yule anayejua herufi za ubaoni. Nikajibu kwa Kiingereza, neno moja fupi, kwamba hajui.

Binti akavuta kisanduku cha wino wa muhuri, akakifungua, akamwonyesha mama kwa ishara aweke dole gumba. Mama alikitazama kisanduku, kisha akanitazama mimi. Hakuuliza kitu. Akaizungusha tena hanchifu juu ya kalamu yake, akaifunga fundo, akaitia mkobani, ndipo akanyoosha kidole. Wino ulikuwa wa zambarau. Alama ikatoka nzuri, kila mstari unaonekana. Na karatasini, pembeni mwa alama ile, binti akaandika maneno ambayo mama hakuweza kuyasoma na mimi niliyasoma: kwamba mwenye kidole hiki hajui kusoma wala kuandika. Sidhani mamangu alikuwa peke yake. Nafikiri makaratasi ya namna hiyo yana vidole vya mabibi wengi wa pwani hii waliokuwa wakisoma na kuandika.

Tulisali adhuhuri Msikiti wa Jamia, uliojengwa kati ya 1925 na 1933, wenye kuba tatu na minara miwili, ambao mama alikuwa akiusikia tangu utotoni. Hapo alipata mahali penye salamu. Lakini mjomba alituambia alikawia sana kutoka upande wa wanawake, na alipotoka dole gumba lake lilikuwa jekundu kwa kusuguliwa, na zambarau bado ipo. (Huulizwa sana juu ya hili: wino uliobaki rangi tu, usio na gamba, hauzuii maji ya udhu. Mama alilijua hilo kuliko mimi wakati ule. Alikuwa akisugua kitu chengine.) Alasiri tukaingia Biashara Street, akanunua leso, akamshinda muuza duka kwa bei, na mjomba akacheka njia nzima. Mimi nilibeba mfuko.

Usiku uliofuata, garini kurudi, baada ya mjomba kusinzia, mama alitoa daftari, akanipa kalamu ya risasi. "Andika matumizi," alisema. "Kwa hati zangu." Nikaandika alivyoniambia: nauli, leso, pesa za basi. Gari lilikuwa likitikisika na mkono wangu pia. Alichukua daftari, akaliinamisha kwenye taa. "Umeandika *besa*," alisema. "Besa ni za Maskati. Sisi twatumia pesa." Akafungua hanchifu, akatoa kalamu yake mpya, akasahihisha. Kisha akanilaza kichwa mapajani mwake, na nikalia kimya mpaka Makindu, nikidhani hajui.

Mafao yalilipwa miezi michache baadaye. Mama alinunua cherehani, na kwayo nilisomeshwa.

Kila Idi, kama ilivyo ada yetu, nilimbusu mkono nikimwambia, "Mama, niwie radhi," naye akijibu, "Nimekuwia radhi, mwanangu." Radhi ya jumla ni nyepesi kuiomba. Miaka thelathini nilijificha ndani yake. Mpaka alipougua ugonjwa wake wa mwisho, usiku mmoja nikiwa peke yangu naye, ndipo nilipolitaja jambo lenyewe kwa jina lake: ofisi ile, swali la binti, na neno nililolijibu. Nilikuwa nimekwisha kuwa mtu wa kupanda mimbari, lakini sauti ilinikatika.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Nairobi? Mimi nakumbuka yule twiga." Akacheka kidogo, akaomba maji. Sijui kama alikuwa amesahau kweli, au alikuwa akinisitiri. Nilimnywesha, akalala.

Daftari lilinifikia mimi. Jalada lake jekundu lina alama ya zambarau upande wa chini, kwani siku ile alilishika kabla wino haujakauka. Na ndani, katika ukurasa wa safari, upo mwandiko wangu wa mtoto kwa risasi iliyofifia, na chini ya be yangu yenye nukta moja, nukta mbili za wino.