Safari ya Miguu katika Mabonde ya Zanskar

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia jina la Himalaya, ile safu ya milima mirefu kupita yote duniani, na walisikiapo hufikiri kilele cha Everest na watu wapandao kwa kamba juu ya barafu. Lakini milima hiyo si vilele vitupu. Ndani yake mna mabonde yakaliwayo na watu, yenye mashamba na mifugo na watoto waendao skuli, na khabari za mabonde hayo hazitufikii sana. Leo twapenda kuwachukua wasomaji wetu, khasa vijana wapendao safari, katika bonde moja la namna hiyo liitwalo Zanskar, katika nchi ya Ladakh, kaskazini ya Bara Hindi. Njia ya zamani ya miguu yaanza kijiji cha Darcha upande wa kusini, yakata Zanskar yote, na yaishia Lamayuru upande wa kaskazini. Ni kiasi cha kilomita 300, na mwendaji mwenye afya huhitaji majuma yapata matatu kuimaliza.

Jambo la kwanza limshangazalo mgeni ni ukame. Mtu angedhani kwamba nchi iliyozungukwa na theluji yote hiyo ingekuwa na majani tele, kumbe siyo. Pepo zile zile za kusi tuzijuazo sisi watu wa pwani, zilizowarudisha mababu zetu kutoka Afrika kwenda Arabuni na Hindi, ndizo ziendazo kupiga mgongo wa kusini wa Himalaya. Na huko humwaga maji yao yote. Zikivuka upande wa pili hazina kitu. Kwa hiyo milima ya Zanskar ni mitupu, myekundu mahali na kahawia mahali, wala hapana mti mpaka pale mfereji wa mtu ulipofika. Theluji iyeyukayo juu ndiyo mvua yao. Ukiona kutoka mbali kipande cha kijani kibichi mfano wa mkeka uliotandikwa jangwani, jua hapo pana kijiji, na juu yake pana kijito.

Darcha yenyewe imekwisha pita mita 3,300 kutoka usawa wa bahari, na njia haifanyi ila kupanda. Mizigo huchukuliwa na farasi wadogo wa milimani, na wenye farasi ndio waijuao njia na vivuko vyake. Hapa ndipo msafiri aanzapo kujifunza kwamba adui yake si baridi wala mawe, bali ni pumzi yake mwenyewe.

Jambo hili Waislamu walikwisha kuliandika zamani. Mwaka 1532 Sultani Said Khan, aliyetawala Kashghar na Yarkand, alipeleka jeshi kuivuka milima na kuingia Ladakh, naye mwenyewe akafuata. Katika wakubwa wa jeshi hilo alikuwamo Mirza Haidar Dughlat, binamu wa Babur aliyeanzisha dola ya Wamoghali katika Hindi. Mirza Haidar baadaye alitunga kwa Kifarsi kitabu cha tarikhi kiitwacho Tarikh-i-Rashidi, na humo alieleza maradhi ya milima yaliyoitwa dam-giri, yaani kushikwa pumzi: mtu hutapika, usingizi humkimbia, nguvu humwishia, na mwisho husema maneno yasiyo na mpango. Maradhi hayo hayakuchagua cheo. Sultani Said Khan hakuuawa kwa upanga wala kwa mshale. Alikufa njiani mwaka 1533 akirejea kwake, kwa sababu ya hewa ya milima.

Elimu ya leo imetueleza sababu. Mtu akifika mita 5,000, uzito wa hewa huwa umebaki kidogo tu zaidi ya nusu ya ule wa pwani. Basi kila pumzi aivutayo humpa hewa nusu ya ile aliyoizoea. Mwili waweza kujirekebisha, lakini wataka muda. Waganga husema kwamba ukipita mita 3,000, usilale usiku mahali palipozidi pa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima. Akiumwa kichwa na kutapika, asipande tena. Akianza kuyumba kama mlevi, au kukohoa na kukosa pumzi hali amekaa, basi dawa ya kweli ni kushuka, na kushuka saa ile ile hata ikiwa ni usiku. Tena si dhaifu tu apatikanaye. Kijana mwenye misuli mara nyingi ndiye aangukaye kwanza, kwa kuwa miguu yake humkimbiza kabla damu yake haijawa tayari.

Katika lugha ya huko neno “la” maana yake ni mlango wa mlima, yaani mahali pa kuvukia. Mlango wa kwanza ni Shingo La, mita 5,090 hivi, juu kuliko Lenana, kile kilele cha Mlima Kenya wakipandacho watalii wengi. Wajuzi huondoka kambini kabla ya alfajiri kupambazuka vema. Sababu ni mbili: theluji huwa imegandamana na mguu hauzami, na vijito vitokavyo katika barafu huwa vidogo. Jua likipanda, barafu huyeyuka, na kile kijito ulichokiruka asubuhi kwa hatua moja, alasiri chaweza kumchukua farasi na mzigo wake. Basi mto huko hauulizwi kina chake tu. Huulizwa na saa.

Baada ya kushuka upande wa pili msafiri hukutana na jiwe kubwa ajabu liitwalo Gumbok Rangan, mlima mzima wa mwamba uliosimama peke yake bondeni, ambao watu wa huko huuhesabu kuwa mtakatifu. Kisha huja Kargyak, kijiji kilicho juu ya mita 4,000, na mashamba yake ya shayiri. Nyumba ni za mawe na matofali ya udongo, zenye mapaa ya bapa, na juu ya mapaa hulundikwa majani makavu na samadi. Mifugo hukaa chini na watu hukaa juu yao, ili joto la wanyama lipande kuwasaidia wenyeji wakati wa baridi. Wana yaki, na wana dzo, mnyama azaliwaye kwa yaki na ng'ombe. Kuni hapana, samadi iliyokaushwa ndiyo kuni yao, na mwanamke wa huko haipotezi hata konzi moja.

Watu wa vijiji hivi ni wa dini ya Buddha, ni wapole na wakarimu kwa mgeni. Muislamu apitaye yampasa kufikiri chakula chake mapema: achukue mchele na dengu zake, na nyama aiache mpaka atakapofika kwa wenziwe. Lakini unga wa shayiri iliyokaangwa, na mtindi, na chai yao ya chumvi na siagi, hivyo vyote ni riziki halali na vina nguvu nyingi. Chai hiyo haimpendezi mgeni kwa kikombe cha kwanza.

Ukishuka na mto Tsarap wafika penye nyumba ya watawa ya Phugtal, iliyojengwa katika kinywa cha pango kubwa, vyumba vyake vimening'inia ubavuni mwa jabali mfano wa masega ya nyuki. Humo alikaa mwaka 1825 na 1826 mtu wa Hungary jina lake Alexander Csoma de Kőrös, aliyetoka kwao akitafuta asili ya kabila lake, akaishia kujifunza lugha ya Tibet katika baridi isiyo na moto. Kamusi yake ilipigwa chapa Calcutta mwaka 1834. Twataja khabari zake kwa sababu vijana wetu wengi hudhani elimu hupatikana tu palipo na taa na viti.

Mto huo si wa kuuamini. Mwishoni mwa mwaka 2014 ubavu wa mlima uliporomoka ukauziba, na nyuma yake likafanyika ziwa refu. Watu walikaa na khofu miezi minne. Tarehe 7 Mei  mwaka 2015 ziwa lilipasuka, na maji yakachukua madaraja ya bonde zima, nayo madaraja ndiyo yaliyokuwa njia ya kwenda kwa mganga na sokoni.

Hatimaye bonde hufunguka, na msafiri hufika Padum, mji mkuu wa Zanskar, kiasi cha mita 3,600. Hapa ndipo moyo wa Muislamu hupata furaha asiyoitarajia, kwani katika mji huu mdogo, mbele ya milima yenye theluji, husikika adhana. Waislamu wa Padum ni Sunni, ni wachache, nao wamekaa humo kwa karne nyingi. Husema lugha ile ile ya jirani zao, hulima shayiri ile ile, na hunywa maji ya mfereji ule ule. Ukiendelea na barabara ya magharibi, ukavuka Pensi La na kushuka bonde la Suru mpaka Kargil, wakuta wakazi walio wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shia. Sisi tulio pwani ya Afrika ya Mashariki huelekea kaskazini tusalipo. Wao huelekea magharibi, kwa kupinda kidogo kusini. Mchana wao wa Juni hupita saa 14, na wa Desemba ni kiasi cha saa 10, basi mwenye kufunga huko huujua mwaka kwa tumbo lake.

Huenda msomaji akauliza hali ya udhu katika baridi kama hiyo. Maji yakiwapo na moto upo, hupashwa moto. Ikiwa hapana njia ya kuyapasha na mtu akikhofia nafsi yake, hapo ndipo ijapo rukhsa ya kutayamamu. Sahaba Amr bin Al-As, Mwenyezi Mungu amwiye radhi, alipatwa na janaba usiku wa baridi kali katika vita vya Dhatis-Salasil, akakhofia kuoga, akatayamamu na kuwasalisha wenziwe, na Mtume (s.a.w.) alipoelezwa alicheka wala hakumlaumu.

Si mbali na Padum kuna kijiji cha Kumik, nacho ndicho kilichotufanya tuandike makala haya. Kumik haina mto; yategemea theluji ya mlima mmoja ulio juu yake. Theluji hiyo imepungua mwaka hata mwaka, kijito kikakauka kabla shayiri haijaiva, na mwanzoni mwa karne hii wanakijiji wakakata shauri kuhamia uwanda ulio chini, wachimbe mfereji na wajenge upya. Watu hawa hawana viwanda, wala magari hayakuwafikia ila juzi; lakini joto lililozidi duniani limewafikia kabla ya barabara. Kuacha nyumba ya babu kwa sababu ya vita ni jambo tulijualo. Kuiacha kwa sababu mlima umekosa theluji, hilo ni geni masikioni, nalo lastahili kufikiriwa na kila mwenye mfereji au kisima.

Kutoka Padum kwenda kaskazini njia ya miguu haiwezi kufuata mto, kwani mto Zanskar umejikatia korongo lenye kuta zilizosimama. Basi mtu hupanda na kushuka mabegani mwa milima: Hanuma La, kisha kijiji cha Lingshed, kisha Singge La, karibu mita 5,000, kisha Photoksar na Wanla mpaka Lamayuru. Sehemu hii, kwa maoni yetu, ni ngumu kuliko Shingo La, kwa kuwa kila mlango ukiuvuka wauona mwingine mbele.

Lakini wakati wa baridi korongo lile lile hugeuka njia. Januari na Februari mto huganda juu, na watu huutembelea, nao huiita njia hiyo Chadar, yaani shuka. Barabara ya Kargil huwa imefungwa na theluji kwa miezi mingi, basi mzazi aliyetaka kumpeleka mwanawe skuli Leh humtembeza juu ya barafu siku kadhaa, wakilala mapangoni, na kumwacha huko asimwone tena kwa muda mrefu. Barafu ikivunjika mbele yao, hupanda jabali au hungoja.

Wageni wengi waliopita Zanskar husikitika kwamba barabara inaingia na kuiharibu njia yao. Sisi hatusikitiki pamoja nao. Mwenye kuja kwa majuma matatu aweza kuyasifu mashaka, kwani ana tikiti ya kurudia. Mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi mwezi wa Februari hana. Mwezi wa Machi 2024 barabara itokayo Darcha kupitia Padum mpaka Nimmu iliunganishwa, na Julai mwaka ule ule ilianzwa kazi ya kutoboa tundu la kilomita 4.1 chini ya Shingo La, ili magari yapite hata theluji ikiwapo. Kutoka Wanla nako barabara imekwisha kuvuka Singge La na kufika Lingshed. Sehemu kubwa ya njia tuliyoieleza sasa yaenda sambamba na vumbi la malori, na atakaye kutembea kwa utulivu itambidi aulize wenye farasi wamjulishe vichochoro vya milimani vilivyosalia.