Kwa Miguu Kutoka Njukini

Baada ya sala ya Alfajiri tuliwaaga wenyeji wetu wa Njukini, tukashika njia ya kusini kuelekea Chala, Kilimanjaro ukiwa mkono wa kulia. Tulikuwa watu wanne wa ukoo mmoja kutoka Mombasa, wala hatukufuata mandhari. Baba wa babu yetu alichukuliwa upagazi katika Vita Vikuu vya Kwanza, akapelekwa upande wa Taveta, asirudi. Nyumbani hatuna barua yake wala tarehe ya kufa kwake. Tuna jina, nalo hutajwa kila tusomapo khitma.

Ziwa Chala limejificha ndani ya kinywa cha volkano. Mtu halioni mpaka asimame ukingoni. Sehemu yake ni ya Kenya, sehemu ya Tanzania. Tarehe 8 Machi 1916 wapanda farasi wa Jenerali van Deventer waliishika miinuko hii. Wajerumani, walioitwaa Taveta tangu Agosti 1914, walihofu kuzungukwa, wakakiacha kilima cha Salaita bila kupigana.

Salaita tulikifikia siku ya pili, kwa gari kisha kwa miguu. Ni kilima kidogo mno kwa damu iliyomwagika hapo. Tarehe 12 Februari 1916 askari wazungu wa Afrika Kusini walikishambulia wakafurushwa, na waliowazuia Wajerumani wasiwafuatie walikuwa Wabaluchi wa kikosi cha 130 cha jeshi la Uhindi, wengi wao Waislamu. Inasimuliwa kuwa Wabaluchi waliokota bunduki ya rashasha iliyotupwa na wenzao, wakairudisha pamoja na ombi la kiungwana: wasiitwe tena makuli. Tulicheka sana pale juani.

Kicheko kilikoma katika makaburi ya vita ya Taveta. Tulipita mstari kwa mstari tukisoma majina. La babu yetu halikuwapo, na kwa kweli hatukulitarajia. Wapagazi waliokufa wakiwatumikia Waingereza, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walipita 40,000, wengi wao kwa maradhi. Walibeba unga, risasi na majeruhi. Walipoanguka walifukiwa kando ya njia. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao, lakini mtaa si kaburi. Ilipofika mwaka 2021 ndipo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilipokiri kuwa Waafrika wengi mno hawakuandikiwa majina, ikaomba radhi. Miaka mia moja na zaidi!

Tukirejea Voi tuliteremka Maktau, kwenye makaburi ya askari wa Kihindi. Hapo pana ukumbusho wa Subedar Ghulam Haidar wa Wabaluchi, aliyeuawa Septemba 1915. Mtu wa mbali kuliko sisi, na jiwe analo. Hatukumwonea kijicho, tulimsomea Fatiha, kisha tukasoma ya pili tukilitaja jina la mzee wetu kwa sauti.

Tumerudi na daftari tulilolinunua Taveta. Jina la kwanza tumekwisha kuliandika. Nyumba yoyote iliyo na jina la mpagazi asiyerudi, na itupatie msikitini Ijumaa baada ya sala.