Jina la Bibi Kwenye Kadi

Nilipokuwa naandaa kadi za mwaliko wa harusi yangu, kijana wa steshenari hapa Bagara alinifungulia orodha ya fonti. Nikaipenda Edwardian Script papo hapo. Ed Benguiat aliichora mwaka 1994 akifuata mkono wa kalamu ya chuma: herufi zimelala, mikia inajizungusha.

Kadi ya kwanza nilimpelekea bibi. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akanirudishia.

“Mjukuu wangu, hii ya nani?”

Ilikuwa yake. Jina lake nilikuwa nimeliandika lote kwa herufi kubwa, na fonti hii haitaki hivyo. Mapambo ya kila herufi yanagongana na ya jirani yake.

Bibi alijifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima ya miaka ya 1970. Jina lake ndilo neno la kwanza aliloliandika. Mimi, mwandishi wa habari, nikamnyang'anya kwa ajili ya urembo!

Nikarudi steshenari. Urembo tukawaachia maharusi, herufi kubwa mwanzoni tu. Jina la mwalikwa, tarehe na ukumbi tukaviandika kwa herufi za kawaida.

Kadi ya pili bibi aliisoma mwenyewe, kwa sauti.