Nilipoacha Kushindana na Bangalore

Nimezaliwa Keringet, kwenye chai na viazi, na kwa miaka kadhaa nimekula jasho la kuwatengenezea wageni programu nikiwa hapa hapa nyumbani. Mteja wa London au Toronto akitangaza kazi, tulikuwa tunaiparamia pamoja na vijana wa Bangalore, Manila, Kyiv na Lagos. Ujuzi ulikuwa ule ule. Silaha yangu ilikuwa bei: nikishusha, Bangalore anashusha, nashusha tena.

Anayelima viazi vya shangi huku kwetu anaujua mchezo huo. Dalali analijaza gunia mpaka linaota kichwa, ndiyo mukorino, kisha analipia gunia moja. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50, lakini magunia ya mukorino hayajaisha. Wateja wangu nao walinijazia: ongeza ukurasa huu, gusa na pale kidogo. Malipo yale yale.

Hata wakubwa walitikisika. Andela, iliyoingia Nairobi mwaka 2015 ikiziunganisha kampuni za nje na watengenezaji programu wa Kiafrika, mwaka 2019 ilitangaza kuwapunguza mamia ya chipukizi Kenya, Uganda na Nigeria. Soko, ilisema, lilitaka wazoefu. Kumbe urahisi wa bei si mtaji. Kila bara linao.

Kilichonibadilisha ni kazi ya mteja wa Berlin aliyetaka wakulima wamlipe kwa M-Pesa. Maelekezo ya Daraja, mlango wa Safaricom kwa watengenezaji programu, Bangalore anayasoma kama mimi. Ila hajui kwamba mama atalipa kwa simu ya mumewe, majina yasilingane. Hajui kwamba mtandao ukisuasua ujumbe huchelewa, mtu akalipa mara ya pili, kisha akaja juu. Niliyaandika hayo yote kwenye ombi langu, pamoja na jinsi ya kuyazuia. Bei sikuitaja mpaka nilipoulizwa. Na Berlin tunaitangulia kwa saa moja au mbili tu, kwa hiyo tuliongea mchana, wote macho.

Tangu hapo sigusi kazi ambayo mtu yeyote popote anaweza kuifanya. Washindani wangu sasa wako Kampala na Dar es Salaam. Majuzi kazi ya Uganda ilinipita; aliyeipata anayajua malipo ya simu ya MTN ya huko kuliko mimi, na sikuona ubaya. Nimemwandikia: ya Kenya ikimjia, anipigie.