Mtoto ananyonya kwanza, mkanda baadaye

Saa kumi na moja jioni anafunika dagaa wake sokoni Katoro, mkoani Geita, anarudi nyumbani kumnyonyesha mtoto wa miezi saba, kisha anachukua suti yake nyeupe ya karate. Mkanda ni wa kijani. Alianza akiwa sekondari Shinyanga, akaacha kwa mimba ya kwanza, akarudi, akaacha tena.

Mume yuko kwenye maduara ya dhahabu. Kuna wiki anarudi na pesa, kuna wiki anarudi na vumbi tu. Mama mkwe alikuja kutoka Kishapu kusaidia malezi, na ndiye aliyesema wazi yale majirani waliyokuwa wakinong'ona: “Mkamwana, mtoto analia, wewe unapiga hewa mateke?”

Hakujibu. Angejibu nini? Kwamba baada ya uzazi wa pili alikuwa akikaa jikoni analia huku uji unaungua, na hajui analilia nini? Shirika la Afya Duniani linasema wanawake wapatao 13 kati ya 100 waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea ni karibu 20. Mtaani huitwa uvivu, au kurogwa.

Alirudi mazoezini haraka mno, wiki ya tano. Siku hiyo, wakati wa kuruka, mkojo ukamtoka. Akasingizia kichwa kinauma, akaondoka, hakukanyaga tena pale kwa miezi miwili.

Aibu ya bure. Mkojo kuvuja mtu anapokohoa, kucheka au kuruka huwapata wanawake wengi baada ya kujifungua, kwa sababu misuli ya nyonga inayoshikilia kibofu imelegea. Alipompeleka mtoto chanjo ya wiki ya kumi, akajikaza akamweleza muuguzi. Akafundishwa kuibana misuli hiyo kama anayezuia mkojo, ahesabu hadi tano, aiachie, arudie mara kumi, mara tatu kwa siku. Aanze kwa kutembea. Kuruka na kupigana kuje baadaye, na aliyejifungua kwa upasuaji asubiri zaidi.

Muuguzi akauliza pia: “Na usingizi, mama?” Akalia pale pale. Akapelekwa kwa daktari, maana mateke peke yake hayatibu sonona, ingawa mazoezi husaidia.

Mama mkwe alihofia maziwa yatachacha. Mazoezi ya wastani hayaharibu maziwa wala kuyapunguza. Kero ni titi lililojaa, ndiyo maana mtoto ananyonya kwanza.

Mumewe, shabiki wa ngumi, akamtajia mama yake habari za Fatuma Zarika, Mkenya aliyekuwa tayari mama alipomshinda Alicia Ashley huko Marekani mwaka 2016 na kutwaa mkanda wa WBC. Mama mkwe akauliza, “Na mtoto alibaki na nani?” Swali zuri, ila mabondia wanaume hawaulizwi.

Mvua zilipoanza, mama mkwe alirudi Kishapu kulima pamba. Siku hizi mtoto analazwa juu ya kitenge kando ya ukuta wa ukumbi, na wasichana wa mkanda mweupe wanapokezana kumwangalia. Akilia, mama anainama kwa mwalimu, anatoka mstarini, ananyonyesha, anarudi.

Ni siku mbili kwa wiki. Zikiwa nzuri.