Namba Hupotea, Anwani Hubaki
Mtu akipata safari ya ng'ambo, laini yake ya Tanzania inakufa, na sisi wa Nyarugusu tunabaki na namba isiyopatikana. Ndiyo maana jarida letu linakwenda kwa barua pepe: anwani inavuka bahari na mwenyewe. Ila wasomaji nawatafuta WhatsApp na Facebook, ndiko waliko. Kwenye stetasi naweka aya moja tu: nani amejifungua, nani tumemzika. Baada ya saa 24 inafutika, kwa hiyo chini naandika, "Nitumie barua pepe yako upate yote." Wengine huniuliza, "Kaka, ni orodha ya safari?" Nawajibu: hapana, namba ya kadi siitaki. Naomba anwani tu, ili msiba wa kwenu usikufikie mwaka ukiwa umeshapita.